Maneno 27 yanayoigawanya Marekani kuhusu bunduki

Mjadala wa umiliki wa bunduki nchini Marekani umejikita katika sentensi moja ya maneno 27, nayo ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791. Sentensi hiyo huanza kwa wanamgambo kama kinga ya taifa huru, kisha hutaja haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha. Je, haki hiyo ni ya wanamgambo au ya kila raia?

Mnamo 2008, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliamua kwa mara ya kwanza kuwa ni ya raia binafsi, ikabatilisha marufuku ya bastola iliyokuwapo jijini Washington tangu 1976. Hata hivyo Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi huo, alisema haki hiyo ina mipaka.

Mipaka hiyo ndiyo inayopiganiwa. Desemba 2012, watoto 20 na wafanyakazi sita waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Miezi minne baadaye, pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi lilipata kura 54 katika Seneti; lilihitaji 60.

Juni 2022, mwezi mmoja baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa mjini Uvalde, Texas, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kukaza uchunguzi wa wanunuzi wasiotimiza miaka 21. Siku mbili kabla yake, Mahakama iyo hiyo ilikuwa imebatilisha sheria ya New York iliyomtaka raia aonyeshe sababu maalumu ndipo aruhusiwe kubeba bastola hadharani.