Nyota ya Asubuhi na Jua la Utosini

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii imewaliwaza wazazi wengi, na wengine imewatia wazimu. Hutajwa kwa taadhima katika mambo ya elimu, ya biashara na hata ya ushairi. Lakini hapana pahali ilipopata waumini wengi, tena wenye fedha, kuliko katika kandanda. Kwa zaidi ya nusu karne ulimwengu wa mpira umekuwa ukikesha kutazama mashariki, na kila alfajiri ukidai kuwa umeiona nyota mpya: kijana wa miaka 14, wa 15, wa 16, ambaye ati ndiye Pelé mpya au Maradona mpya. Swali linalostahili kuulizwa kwa utulivu ni hili: nyota hizo zilifika adhuhuri? Na zile zilizozimika njiani, zilizimwa na nini?

Imani hii ina tarehe yake. Mwezi wa Juni 1958, nchini Sweden, Brazil ilimwingiza uwanjani kijana wa miaka 17, Edson Arantes do Nascimento, aliyekwisha kuzoeleka kwa jina la Pelé. Goti lilikuwa likimuuma, na mechi mbili za mwanzo alizikosa. Alipoingia hakutoka tena. Alifunga bao moja dhidi ya Wales, matatu dhidi ya Ufaransa katika nusu fainali, na mawili dhidi ya wenyeji katika fainali. Vijana waliocheza na wakubwa walikuwapo kabla yake, na wapo waliosifiwa. Lakini baada ya mashindano yale kila klabu na kila gazeti likaanza kumsaka Pelé wake. Muujiza uliotokea mara moja ukageuzwa kanuni.

Kisa cha pili kilichoipa nguvu kanuni hiyo ni cha Diego Maradona, aliyeanza kuichezea Argentinos Juniors tarehe 20 Oktoba 1976, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 16. Katika kisa hiki, hata hivyo, mna jambo ambalo wasimulizi aghalabu hulipita mbio. Mwaka 1978 kocha César Luis Menotti alimwacha nje ya kikosi cha Kombe la Dunia, ingawa mashindano yalifanyika nyumbani Argentina na nchi nzima ilikuwa ikimjua kijana huyo. Argentina ikalitwaa kombe bila yeye. Mwaka uliofuata Menotti huyo huyo alimchukua Japan na timu ya vijana, wakarudi na ubingwa. Ilipofika 1986, Maradona alikuwa mtu mzima wa miaka 25. Alionekana asubuhi, naam; lakini alikuwapo pia mtu aliyethubutu kumwambia asubiri.

Wengi wanaolijadili jambo hili huanza kwa majina kama hayo mawili, na hapo ndipo mizani inapopinda. Aliyefika hukumbukwa, na utoto wake huandikwa upya hata ikaonekana kuwa kila kitu kilikuwa wazi tangu siku ya mwanzo. Asiyefika husahauliwa pamoja na utabiri wake. Anayetaka kupima kwa haki hana budi kuchukua orodha iliyoandikwa kabla ya matokeo kujulikana, kisha aifuate hadi mwisho wake.

Orodha ya namna hiyo ipo. Tangu 1985, Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, limekuwa likiandaa, kwa miaka mingi kila baada ya miaka miwili, mashindano ya dunia ya vijana, mwanzo kwa walio chini ya miaka 16 na kuanzia 1991 kwa walio chini ya miaka 17. Katika kila mashindano mchezaji bora hutunukiwa Mpira wa Dhahabu. Kutoka 1985 hadi 2017 yalifanyika mashindano 17, na vijana 17 wakatunukiwa. Hawakuchaguliwa na jamaa zao wala na mawakala wao. Walichaguliwa mbele ya macho ya ulimwengu, kila mmoja akiwa bora wa rika lake siku hiyo.

Matokeo yake yanafundisha. Katika saba wa mwanzo, wa 1985 hadi 1997, hapana hata mmoja aliyefika kilele cha mchezo. Katika kumi waliofuata, wanne walifika: Landon Donovan wa 1999, aliyeichezea Marekani mara 157; Cesc Fàbregas wa 2003, bingwa wa dunia na Hispania mwaka 2010; Toni Kroos wa 2007, bingwa wa dunia na Ujerumani mwaka 2014; na Phil Foden wa 2017, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza katika msimu wa 2023/24. Wanne katika 17. Wengine kadhaa walikula mkate wao kwa heshima, kama Florent Sinama Pongolle wa 2001, mtoto wa kisiwa cha Réunion katika bahari hii ya Hindi, aliyeichezea Liverpool na kuivaa jezi ya Ufaransa mara moja. Wengine majina yao leo yanajulikana na wanaotunza kumbukumbu tu.

Ajabu zaidi ni waliokuwamo katika mashindano hayo hayo wasitunukiwe. Mwaka 1989, nchini Scotland, Mpira wa Dhahabu alipewa mlinda mlango wa wenyeji, James Will. Alijiunga na Arsenal, hakupata kukicheza kikosi cha kwanza, na baadaye akawa polisi. Katika timu ya Ureno iliyofungwa na Scotland hiyo kwenye nusu fainali alikuwamo kijana aitwaye Luís Figo, ambaye mwaka 2000 alikuja kutangazwa mchezaji bora wa Ulaya. Mwaka 1997, kule Misri, tuzo ilikwenda kwa Mhispania Sergio Santamaría. Ronaldinho wa Brazil na Iker Casillas, mlinda mlango wa Hispania hiyo hiyo, waliondoka bila ya tuzo. Waamuzi hawakuwa vipofu. Walitunuku walichokiona, na walichokiona kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba walitazama asubuhi, nao waliulizwa habari za jioni.

Sababu moja ya kosa hili imo mwilini. Kijana aliyezaliwa Januari na mwenzake aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo huhesabiwa rika moja, ilhali baina yao kuna karibu mwaka mzima wa kukua. Tena watoto hawabaleghi kwa saa moja. Aliyetangulia kupata kifua na mapaja ya kiume huwapita wenzake kwa mbio na kwa nguvu, naye huitwa bingwa. Miaka mitatu baadaye wenzake humfikia, na ikiwa alichokuwa nacho kilikuwa ni mwili tu, ubingwa humtoka mkononi. Juu ya hayo ipo hila ya kughushi umri, iliyoyachafua mashindano haya hata FIFA, kuanzia 2009, ikalazimika kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine.

Lakini mwili hauelezi kila kitu. Wapo walioshindwa ambao kipaji chao hakikuwa cha misuli, na kisa chao ndicho kizito zaidi. Nii Lamptey wa Ghana alitunukiwa Mpira wa Dhahabu mwaka 1991 nchini Italia, Ghana ilipotwaa ubingwa. Pelé mwenyewe alimsifu na kumtaja kuwa mrithi wake. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mtoto aliyeteswa nyumbani na asiyepata masomo ya kutosha. Alitoroshwa kwao akapitia Nigeria na kufika Ubelgiji kwa pasipoti isiyokuwa yake. Mwaka 1990, akiwa ndiyo kwanza ana miaka 16, alikuwa tayari akiichezea Anderlecht. Aling'ara huko, akang'ara na PSV ya Uholanzi, kisha akapelekwa Uingereza kwa Aston Villa na Coventry. Hapo taa ikaanza kufifia. Akahamishwa kutoka nchi hadi nchi: Italia, Argentina, Uturuki, Ureno, Ujerumani, China. Katika safari hizo alizika watoto wawili.

Lamptey amesimulia hadharani kuwa mikataba aliyotiwa saini hakuweza kuisoma sawasawa, na kwamba wakala aliyemwamini ndiye aliyekuwa na amri ya wapi aende na kwa faida ya nani. Kijana aliyeitwa mrithi wa mfalme alikuwa, kwa lugha ya soko, bidhaa iliyobadilishana mikono. Alipoachana na mpira alifungua shule ya watoto mjini Accra.

Kisa cha Freddy Adu kimefanana na hicho kwa mwisho wake, ingawa mwanzo ni mwingine kabisa. Alizaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989, akahamia Marekani na wazazi wake mwaka 1997. Huyu alisoma, na mama yake alimlinda. Hata klabu ya kwanza, DC United ya Washington, ilichaguliwa ili kijana aishi karibu na nyumbani. Alitia saini Novemba 2003 akiwa na miaka 14, na msimu ulipoanza 2004 mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote wa ligi ile. Hakuwa na umri wa kuendesha gari, lakini uso wake ulikuwa katika matangazo ya biashara, mojawapo akiwa pamoja na Pelé. Tarehe 17 Aprili 2004 alifunga bao lake la kwanza, na gumzo likazidi.

Ligi iliyokuwa ikitafuta watazamaji ilimhitaji Adu kuliko Adu alivyoihitaji. Hiyo ndiyo siri ya mambo. Kocha wake alimwona ni mwanafunzi wa kumwingiza taratibu, wauza tiketi walimtaka aonekane kila wiki, na kijana mwenyewe alinung'unika kuachwa benchi. Mwaka 2007 akauzwa Benfica ya Ureno, kisha ukaanza mzunguko wa kukopeshwa na kuhama: Monaco, Ugiriki, Uturuki, Brazil, Serbia, Finland. Timu ya taifa ya Marekani aliichezea mara 17, mara ya mwisho mwaka 2011, akiwa na miaka 22. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ila katika methali hiyo husahauliwa kuuliza ni nani aliyekuwa akiipiga.

Mtu anaweza kusema kuwa kuhamahama ndiko kulikowaangamiza hawa wawili, ilhali Kroos, Fàbregas na Foden walilelewa na klabu zenye subira. Hoja hii ina nguvu, lakini isibebwe kupita uwezo wake. Huenda mchezaji hupoteza njia kwa kuhama. Huenda pia huhama kwa kuwa amekwisha kupoteza njia. Fàbregas mwenyewe aliiacha Barcelona akiwa na miaka 16. Tofauti ni kwamba Arsenal ilimpokea kwa kumfundisha, ikampa muda, na haikuhitaji sura yake ili kujaza uwanja.

Wala subira si kinga ya kila ajali. Norman Whiteside wa Ireland ya Kaskazini aliivunja rekodi ya Pelé mwaka 1982, alipocheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 17 na siku 41. Aliifungia Manchester United bao la ushindi katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1985. Mwaka 1991, akiwa na miaka 26, goti lilimlazimisha kustaafu. Alirudi darasani, akawa tabibu wa miguu. Anayemhesabu kuwa alishindwa anatumia kipimo kibaya: alitimiza aliyoahidi kwa muda ambao mwili ulimruhusu.

Upande wa pili wa mizani wapo wale ambao hakuna aliyewatabiria. Wasomaji wenye jamaa Muscat watakumbuka kuwa Mpira wa Dhahabu wa 1995 ulichukuliwa na Muomani, Mohamed Al-Kathiri, katika mashindano ya Ecuador ambako Oman ilishika nafasi ya nne. Ilitarajiwa kuwa yeye ndiye angeifungulia Oman milango ya Ulaya. Haikuwa hivyo. Aliyeifungua ni Ali Al-Habsi, mlinda mlango aliyekuwa mfanyakazi wa kikosi cha zimamoto katika uwanja wa ndege wa Seeb, aliyekwenda Norway mwaka 2003 na kutoka huko akaingia Ligi Kuu ya Uingereza. Kadhalika N'Golo Kanté wa Ufaransa, ambaye akademia zilimkataa kwa udogo wa umbo, alikuwa bado katika klabu ya mtaani ya Suresnes alipokuwa na miaka 19. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia.

Basi jibu la swali la mwanzo ni kwamba wapo wanaofika, nao ni wachache. Na uchache huo hauthibitishi kuwa watabiri ni waongo. Unathibitisha kuwa kipaji cha utotoni ni mtaji tu, na mtaji hutegemea aliyepewa kuutunza. FIFA ililikiri hilo kwa namna yake mwaka 2001, ilipopiga marufuku, isipokuwa kwa masharti maalumu, kuwahamisha kutoka nchi hadi nchi wachezaji walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo imekuja muongo mzima baada ya Lamptey kuvuka mipaka kwa jina la mwingine.

Mwaka 2024, nchini Ujerumani, Lamine Yamal wa Hispania alifunga bao dhidi ya Ufaransa katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya akiwa bado na miaka 16, na fainali akaicheza siku moja baada ya kutimiza 17. Kelele za 1958 zikasikika tena. Methali ya wahenga bado ina ukweli, ikisomwa kwa makini. Inasema nyota njema huonekana asubuhi. Haikusema kuwa kila ionekanayo asubuhi itafika jioni, wala haikumpa mtu ruhusa ya kuiuza kabla jua halijafika utosini.