"Sheikh, Niko Kwenye Taa Nyekundu"



Ndugu zangu, juzi kijana mmoja anayeishi London aliniandikia: "Sheikh, darsa lako nalisoma sasa hivi, niko kwenye taa nyekundu." Zamani ningefurahi. Safari hii niliingiwa na hofu, maana aliyemshughulisha barabarani ni mimi. Basi nikaifuatilia sheria ya huko anakoendesha, nikakuta historia yake ina mazingatio.

Uingereza ilipiga marufuku kushika simu huku unaendesha gari tarehe 1 Desemba 2003. Faini ilikuwa pauni 30. Watu wakalipa, wakaendelea. Mwaka 2007 ikawa pauni 60 na pointi 3 kwenye leseni. Mwaka 2013 pauni 100. Tarehe 1 Machi 2017 ikapanda hadi pauni 200 na pointi 6, na dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu apate leseni, pointi hizo 6 zinaondoka na leseni yenyewe.

Lakini shida kubwa haikuwa faini. Ilikuwa maneno. Sheria ile iliandikwa zama ambazo simu ni ya kupiga na kutuma meseji, kwa hiyo ilishikilia suala la mawasiliano. Agosti 2017, kaskazini-magharibi mwa London, polisi alimwona dereva akipita penye ajali huku ameinua simu anarekodi video. Mahakama ya chini ikamtia hatiani. Akakata rufaa, akashinda. Julai 2019 Mahakama Kuu nayo ikasema: kurekodi si kuwasiliana, kosa lile halimgusi.

Subhanallah! Mtu anarekodi ajali ya wenzake, na yeye mwenyewe yuko hatua chache kutoka ya kwake, na sheria ya simu haina la kumwambia! Wanafunzi wa fiqhi hapa watakumbuka mlango wa hila, pale herufi ya hukumu inaposalimika na lengo lake likapotea. Na lengo hapa ni kuhifadhi nafsi. Ila tuwe waadilifu: majaji walitahadharisha kwamba mwenye kufanya hivyo bado anaweza kushtakiwa kwa kuendesha kizembe au kwa hatari.

Tundu lile likazibwa tarehe 25 Machi 2022. Sasa kuishika simu kwa karibu matumizi yoyote ni kosa: kupiga picha, kutafuta qaswida, hata kuwasha kioo uangalie saa. Zimebaki nafasi chache, kama kupiga 999 kwa dharura wakati si salama kusimama, au kulipa kwa simu kwenye dirisha la mgahawa gari likiwa limesimama.

Na taa nyekundu? Gari limesimama, lakini kwa sheria ile wewe bado unaendesha. Foleni pia ni hivyo hivyo.

Yule kijana nilimjibu baada ya Isha, nilipojua ameshafika nyumbani.