Moto wa 1976 na Ugomvi wa Chuma Chetu

Nusu karne imetimia tangu 1976, wazee wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walipowasha tena tanuru la chuma mbele ya wasomi wa Kimarekani. Kumbukumbu hiyo inawahusu pia wahunzi wa Mamba, huku chini ya kilele cha Mawenzi cha Mlima Kilimanjaro.

Mamba ilisifika kwa mikuki, na Wamasai walikuwa wateja wake. Chuma kilitoka Ugweno, Upare Kaskazini, kwa Washana, ukoo wa wahunzi ambao mapokeo yanasema uliitawala nchi hiyo hadi ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Baadaye misafara ya pwani ikaleta nyaya nene, na matanuru ya kuyeyushia yakazimika.

Makali ya mikuki hiyo yana sayansi yake. Chuma kitupu ni laini. Kikilazwa ndani ya mkaa unaowaka na kupita nyuzi joto 912 za Selsiasi, atomu zake hujipanga upya, nazo nafasi kati yake hupokea kaboni nyingi zaidi, ikapenya ndani. Wataalamu huiita safari hiyo difyusheni. Haina haraka: kwenye nyuzi 930, saa nne huipeleka kaboni umbali mdogo tu. Chuma kikitumbukizwa majini ghafla, kaboni hunaswa humo, na ngozi yake hugeuka feleji ngumu. Ulaya, Mwingereza Roberts-Austen alipima safari ya namna hiyo mwaka 1896, kwa dhahabu iliyopenya ndani ya metali ya risasi isiyoyeyushwa.

Ugomvi kuhusu chuma cha Wahaya ulizuka Septemba 1978. Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya walitengeneza feleji miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hoja yao ilisimama juu ya mambo mawili: mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuru, yakaipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na majani ya kinamasi yaliyochomwa shimoni, yakakipa chuma kaboni. Joto, walisema, lilipita nyuzi 1,800. Wapinzani wakaja juu. J. E. Rehder alijibu mwaka 1986 kwamba hewa hiyo haikupata joto la kuleta tofauti kubwa. Wakabishana kwa miaka, kila upande na hesabu zake.

Mimi naona walichokigombania ni kiwango cha joto tu. Kwamba wazee wale, walioacha kazi hiyo miongo mingi nyuma, walikumbuka udongo, majani na mivukuto hadi chuma kikatoka, hilo halifutwi na hesabu ya mtu.

Huku kwetu, miaka ya 1980 ilileta kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai. Meno ya gia za mashine nayo hukomazwa kwa kaboni ileile ya mikuki. Basi mwanafunzi wa ufundi Moshi aanzie somo la metali Mamba na Ugweno, ndipo afike kwa Roberts-Austen. Kwa sasa mhunzi amebaki kivutio cha watalii, ilhali alistahili kuwa mwalimu.