Bahari ya Uzunguni

Jumapili iliyopita nilimpeleka bibi yangu Coco Beach. Kutoka Magomeni tulipanda mwendokasi hadi Morocco, halafu bajaji; hata saa haikufika. Yeye, kabla ya Uhuru, njia hiyo aliikanyaga kwa miguu, akienda Oysterbay kufua nguo za watu.

Mkoloni aliukata mji vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ujanja wenyewe ni huu: kanuni za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya nyumba. Upepo wa bahari wakapewa wenye kujenga Kizungu. Nyumba za udongo na makuti zikabaki upande wa bara. Magomeni ilipopimwa viwanja miaka ya 1950, ilikuwa kwa ajili ya Waafrika. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijenga huko, mtaa wa Ifunda, nyumba ambayo leo ni makumbusho.

“Bibi, mlikuwa mnaogelea?”

“Kuogelea wapi! Tuliisikia tu ikivuma, sisi tunaanika.”

Akaagiza mihogo ya kukaanga, pilipili nyingi. Akavua kandambili, akakaa mchangani, majumba kayapa mgongo.