Disfagia: Ugumu wa Kumeza, au Kupaliwa?

Mzee anapewa kikombe cha maji. Anapiga funda la kwanza, anakohoa. La pili, anakohoa tena, na sauti inamtoka ya majimaji kama ya mtu anayesukutua. Hospitalini hali hiyo itaandikwa kwa neno moja: disfagia.

Neno ni la Kigiriki: dys ni "vibaya", phagein ni "kula". Kula vibaya, jina ambalo lingemfaa hata mlafi. Kiswahili cha tiba husema "ugumu wa kumeza", na hapo kimemzidi Mgiriki, maana kula huanzia kwenye sahani, ilhali tatizo liko kooni. Lakini muulize mgonjwa kama ana ugumu wa kumeza, atakujibu koo haliumi. Anadhani unamuulizia mafindofindo.

Lugha ilikwisha kutupa vitenzi viwili vya kutenganisha mambo haya. Anayesakamwa, tonge limemkwama. Anayepaliwa, alichomeza kimeponyokea njia ya hewa. Mwenye kiharusi mara nyingi hupaliwa, tena na maji kuliko ugali, kwa kuwa maji huteremka upesi kabla misuli iliyolegea haijawahi kuifunga njia hiyo.

Kumeza huratibiwa na shina la ubongo. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Adolf Wallenberg, alieleza kinachotokea mshipa wa damu wa eneo hilo unapoziba: mgonjwa hupaliwa, sauti hukwaruza, kizunguzungu humwangusha, pengine kwikwi isiyokoma. Upande mmoja wa uso hauhisi vizuri moto wala baridi, na mwilini ganzi hiyo huwa upande wa pili. Mikono na miguu huweza kubaki na nguvu zake, ndiyo maana nyumbani hakuna anayewaza kiharusi.

Virusi navyo vina njia yao ya kuleta kiharusi. Vile vya tetekuwanga havitoki mtoto akipona; hujificha kwenye neva, na miaka mingi baadaye huibuka kama mkanda wa jeshi. Vikifuata neva hadi kwenye ukuta wa mshipa wa ubongo, ukuta huvimba, njia ya damu hubana, damu huganda. Kiharusi chaweza kuja wiki au miezi kadhaa baada ya malengelenge kukauka, hasa yaliyotoka karibu na jicho. Mafua makali na UVIKO-19 pia huongeza hatari ya kiharusi.

Kwa hiyo "ugumu wa kumeza" ubaki kwenye kamusi. Kando ya kitanda, muuguzi aulize: "Babu, ukinywa maji unapaliwa?" Aulize pia kama hivi karibuni aliugua mkanda wa jeshi.

Nawe mzee wako akianza ghafla kupaliwa, usimpe uji, maji wala kidonge. Mkimbize hospitali: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze.