Uteuzi wa kijinsia kwa binadamu
Uteuzi wa kijinsia ni nguvu ya mageuzi inayokuza sifa zinazomsaidia kiumbe kupata mwenzi, hata zisipomwongezea siku za kuishi. Charles Darwin aliueleza kwa kina mwaka 1871. Sauti nzito ya mwanamume, inayoanza kukwaruza koo la kijana anapobalehe, ni mfano mzuri. Kwa Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa Ziwa Eyasi ambao baadhi yao wako Meatu mkoani Simiyu, utafiti wa Apicella, Feinberg na Marlowe (2007) ulikuta wenye sauti nzito wamezaa watoto wengi zaidi, ingawa vifo vya watoto havikuhusiana na sauti ya baba. Faida, basi, inaelekea kutokana zaidi na kupata wenzi kuliko malezi.

Wapo watakaopinga: kwa Wasukuma wa Bariadi, pia mkoani Simiyu, ndoa huamuliwa na ng'ombe wa mahari na wazee wa pande mbili, na mwenye zizi kubwa anaweza kuoa mitala. Ni kweli, na mali hiyo hurithiwa bila kupitia vinasaba. Ndiyo maana ushahidi wa Wahadzabe, wasiofuga, una uzito: hapo hakuna zizi la kuficha mchango wa mwili. Bado ushahidi huo hauonyeshi kama sauti huwavutia wanawake au huwatisha washindani.