Mapigo 174 kwa dakika: kutoka santuri ya 1969 hadi Sangailu

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na misimbo nizungumzie muziki. Msihofu, kompyuta zimo, tena tele.

Kuna muziki uitwao drum and bass, yaani dramu na besi. Ngoma zake hukimbia mapigo 170 hadi 180 kwa dakika, huku besi ikitembea chini taratibu kama mtu asiye na haraka. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani kanda imeshikwa na wazimu. Ulizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukitokana na muziki ulioitwa jungle, mikononi mwa vijana wa mijini, wengi wao wakiwa watoto wa wahamiaji kutoka Karibi. Mimi ni mtu wa kompyuta, na kinachonivutia ni kwamba muziki huu umeumbwa na uhaba wa memori. Tena umejengwa juu ya kitu cha mtu mwingine. Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu linatuhusu hata sisi wa huku Garissa.

Tuanze na mwaka 1969. Kundi la The Winstons la Washington, Marekani, lilitoa santuri yenye wimbo "Color Him Father", ambao ulipendwa sana na kupata tuzo ya Grammy. Upande wa pili wa santuri, ule ambao watu hawaujali, waliweka wimbo usio na maneno, "Amen, Brother". Katikati ya wimbo huo wenzake wote wananyamaza na mpiga ngoma, Gregory Coleman, anabaki peke yake kwa mapigo 16. Ni kama sekunde 7 tu. Halafu wenzake wanarudi na wimbo unaendelea.

Sekunde hizo zililala miaka 17. Mwaka 1986 wimbo huo ukawekwa kwenye mkusanyiko wa santuri za Ultimate Breaks and Beats, uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya madijei. Kuanzia hapo ukaingia kwenye hip hop. N.W.A. walizitumia ngoma hizo mwaka 1988 katika "Straight Outta Compton". Zikavuka bahari, na Waingereza wakazifanya uti wa mgongo wa muziki mzima.

Walifanyaje? Hapa ndipo wenzangu wa fani watakapofurahi.

Chombo kilikuwa sampla, mashine inayorekodi sauti kidijitali na kuipiga tena ukibonyeza kitufe. Akai S1000 ilitoka mwaka 1988 ikiwa na memori ya megabaiti 2 kabla ya kuiongezea. Piga hesabu: sauti ya ubora wa CD huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, na kila sampuli ni baiti 2. Kwa hiyo sekunde moja ya sauti ya mkondo mmoja ni baiti 88,200, na megabaiti 2 zinakupa kama sekunde 24 tu. Hapo uweke ngoma, besi, sauti ya mwimbaji na mbwembwe nyingine zote! Ngoma za Coleman peke yake zinakula baiti 617,400. Kurekodi ngoma mpya za dakika tano hakuwezekani. Kinachowezekana ni kuchukua kipande kifupi na kukirudia.

Shida ya pili ni kasi. Coleman alipiga kama mapigo 137 kwa dakika, nao wanataka 174. Ukiiharakisha sauti yote, kama kuzungusha santuri kwa kasi, kimo chake nacho kinapanda: 174 ukigawa kwa 137 ni 1.27, yaani kama nusu-toni nne juu. Ngoma zinakuwa nyembamba, kali. Wengine walipenda hivyo hivyo. Wengine walikata. Unachukua zile sekunde 7 unazikatakata, kila kishindo kinakuwa kipande chake, halafu unavipanga upya na kuvisogeza karibu karibu. Kimo kinabaki vilevile, nafasi kati ya vishindo ndiyo inayopungua. Na ukishakata, nani atakuzuia kubadili mpangilio? Kishindo cha nne kije mwanzo, cha kwanza kirudiwe mara tatu, kile cha tasa kigeuzwe nyuma mbele. Ndipo ukazaliwa ule mpigo ambao hakuna mpiga ngoma wa mikono miwili aliyewahi kuufikiria.

Njia ya tatu ni kutenganisha kimo na kasi kwa hesabu ndani ya mashine: sauti hugawanywa vipande vidogo mno na vipande hivyo kurudiwa au kurukwa. Goldie alifanya kitu cha aina hiyo mwaka 1992 katika "Terminator", ambamo ngoma zinapanda kimo lakini mwendo haubadiliki. Mwaka 1995 akatoa albamu "Timeless", ambayo wimbo wake wa kwanza una dakika 21. Kutoka sekunde 7 hadi dakika 21, hebu fikiria.

Wasio na pesa za Akai walitumia Amiga, kompyuta ya nyumbani. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa programu ya Ultimate Soundtracker. Ukiiona leo utaipenda: muziki wote ni jedwali la namba linaloshuka kwenye kioo, safu nne, kila mstari ukisema sampuli ipi ipigwe na kwa kimo gani. Ni kama kuandika msimbo. Sauti zilikuwa za biti 8, kwa hiyo ukirekodi kwa sampuli 22,050 kwa sekunde, zile sekunde 7 za Coleman zinashuka hadi baiti 154,350. Diski laini moja ya Amiga, ya kilobaiti 880, inaweza kubeba hizo na nyingine kadhaa. Aphrodite, mmoja wa madijei wakubwa wa jungle, alitengeneza nyimbo zake kwa Amiga 1200 mbili na programu ya OctaMED. Chumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ikatoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Hii ndiyo iliyoenea kwetu Afrika Mashariki, mara nyingi kwa nakala ambazo hatutaulizana zilitoka wapi. Na kama unataka kuona jinsi mbinu ya kukata na kuharakisha ilivyozaa kitu chetu wenyewe, usiende London. Nenda Dar es Salaam, mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati. Kwenye sherehe za mitaani za vigodoro, madijei walichukua vipande vya ala vya nyimbo za taarabu, wakavirudia na kuviongeza kasi mpaka vikapita mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine karibu 300. Mchana huo unaitwa usiku! Ndiyo singeli. Studio ya Sisso ya Mburahati ikawa kiwanda chake, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko "Sounds of Sisso" uliopeleka sauti hiyo Ulaya. Miaka miwili baadaye Jay Mitta alitoa albamu yake "Tatizo Pesa". Jina linajieleza.

Vijana wa London na wa Dar hawakuigana. Kila upande ulikuwa na mashine ya bei nafuu, kipande cha muziki wa wakubwa, na umati unaotaka kuchezeshwa. Ukiwa na vitu hivyo vitatu mambo hutokea.

Sasa turudi huku. Chukua Sangailu, upande wa Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa. Tuseme harusi imefanyika huko, wanawake wanaimba buraanbur, ngoma inapigwa, makofi yanaitikia, na mtu amerekodi kwa simu. Rekodi inamfikia DJ wa Garissa mjini mwenye laptopu na FL Studio, naye anataka kuifanyia dramu na besi. Kiufundi ni kazi nyepesi kuliko mnavyodhani. Dramu na besi ina siri moja: 174 ni 87 mara mbili. Wimbo wa mapigo 87 kwa dakika unakaa ndani yake bila kuharakishwa hata kidogo, sauti za akina mama zinabaki na utulivu wao, na ngoma zinakimbia chini yao mara mbili. Pigo moja la 174 lina sampuli 15,207 hivi. DJ atakata makofi kwa kipimo hicho, atayapanga, kazi imekwisha kabla ya alasiri.

Lakini turudi kwa Coleman. Alikufa Atlanta mwaka 2006 akiwa fukara, bila makao. Hakulipwa chochote kwa nyimbo hizo zote, na ni maelfu. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, aligundua jambo lenyewe mwaka 1996 tu, pale kampuni ya Uingereza ilipomtafuta ikitaka kanda halisi. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia kama pauni 24,000. Yeye alifariki mwaka 2020. Kwa mpiga ngoma mchango ulikuwa umechelewa miaka tisa.

Kwa buraanbur ya Sangailu jambo ni zito zaidi, maana pesa si swali la kwanza. Wimbo wa wanawake walioimba wakiwa wao kwa wao haukukusudiwa spika za mjini. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii iombwe idhini kabla ya utamaduni wake kutumiwa, na inayozipa kaunti kazi ya kutunza rejista. Inawezekana kufanya vizuri: Ketebul Music ya Nairobi ilirekodi Gargar, kundi la wanawake wa Garissa ambalo jina lake kwa Kisomali ni msaada, nao wanajulikana kwa jina lao. Kwa hiyo DJ wetu apige simu Sangailu kwanza. Wakikataa, afute faili.

Wakikubali, kuna jambo dogo la kiufundi. Mafaili ya MOD ya zile programu za Amiga yalikuwa na nafasi ya sampuli 31, na kila sampuli ilipewa herufi 22 za jina. Watunzi walizitumia kuandika salamu. "Gregory C. Coleman" ni herufi 18 ukihesabu na nafasi. "Wanawake wa Sangailu" ni 20. Zinaingia.